Picha Kumi na Mbili za Kona ya Mpera

Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa amepiga picha za mifupa. Alifanya kazi katika chumba cha eksirei cha hospitali ya serikali, chumba kisicho na dirisha, na siku alipostaafu wenzake walimzawadia kamera, wakamwambia sasa apige picha vitu vyenye nyama. Wakacheka. Naye akacheka kidogo, akaenda kuiweka kabatini, ikakaa humo miezi miwili.

Aliitoa mvua za kwanza ziliponyesha, kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya. Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja mdogo: mpera mmoja kwenye kona, tuta la maua lililozungushiwa matofali, bomba la maji, na kijia cha udongo kutoka mlango wa jikoni hadi ukutani. Alichagua kona ya mpera. Kila asubuhi, saa moja na nusu, aliweka kiti palepale, akasubiri. Ndivyo alivyozoea kazini. Mgonjwa asiposimama palepale, kwa umbali uleule, picha ya leo huwezi kuilinganisha na ya jana. Katika daftari aliandika tarehe, hali ya hewa na alichokiona.

Mvua zilileta konokono, na vipepeo weupe waliokunywa matope pembeni ya bomba. Kiangazi kilileta nyigu, wakajenga chini ya paa la banda la kuku lisilo na kuku. Baridi ilipoingia, nyuki hawakuonekana mpaka saa tatu, jua likishapasha matofali. Ndege wawili aina ya chozi, dume mwenye shingo inayong'aa na jike wa rangi ya vumbi, walifuma kiota kwenye ncha ya tawi, wakakiacha, wakarudi. Vunjajungu mmoja alimla mwenzake. Alimpiga picha kumi na nne, kisha akaingia ndani kunywa chai.

Mumewe alikuwa fundi saa, mwenye kibanda chake mtaa wa pili. Kabla ya kwenda kazini alimwagilia maua, hivyo kila asubuhi alipita nyuma ya mpera na kopo lake la maji.

"Fundi, unanifukuzia ndege," mkewe alimwambia siku za mwanzo.

"Ndege wananijua kuliko wewe, Daktari."

Hakuwa daktari, lakini mumewe alimwita hivyo tangu walipooana, na mzaha ukawa jina. Akamwacha apite. Taratibu mumewe akawa sehemu ya picha, kama ukuta.

Mwaka ulipotimia, binti yao, aliyefanya kazi kwenye duka la uchapaji, alipiga simu.

"Mama, nichagulie picha kumi na mbili, moja kwa kila mwezi. Nikutengenezee kalenda."

"Kalenda ya nini?"

"Ya kutazamia tarehe, mama."

Alichagua picha ya asubuhi ya kwanza ya kila mwezi, akazichapisha ndogondogo, akazipanga mstari mmoja juu ya meza ya kulia. Alikuwa anatafuta majani ya mpera, yalianza lini kugeuka rangi. Katika picha ya kwanza mumewe alishika kopo kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ulikuwa mbali na mwili, katikati ya kuyumba, kama mkono wa mtu yeyote anayetembea. Katika ya tano mkono huo ulining'inia tu. Katika ya nane ulikunjika kwenye kiwiko. Katika ya kumi na mbili ulikuwa umegandana na tumbo, vidole vimekusanyika kana kwamba vimeshika kifungo.

Picha moja ingeweza kuwa bahati mbaya. Akazitazama zote za mwaka mzima, mia tatu na ushei. Tangu mwezi wa saba mkono haukuyumba hata mara moja. Katika picha ya konokono ya mvua za mwisho, kwenye udongo mbichi, nyayo za mumewe zilionekana: za kulia safi, za kushoto zikiburuta mkia.

Kazi yake haikuwahi kuwa kumwambia mtu ana nini. Alikuwa anatia picha kwenye bahasha, daktari ndiye anayesema. Mumewe alirudi mchana.

"Hebu kaa, Fundi. Nataka uone kitu."

Akavaa miwani, akazipitia kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, bila haraka.

"Mpera umezaa vizuri," alisema.

"Sisemi mpera."

"Najua." Akavua miwani. "Ilianza na skrubu. Naiangusha, naitafuta sakafuni, naiangusha tena. Nikadhani ni macho. Siku hizi saa ndogo za kike nampelekea yule fundi wa sokoni. Mimi nimebaki na betri na mikanda."

"Uliniambia simu zimeua kazi."

"Zimeiua kweli. Ila si yote."

"Mbona hukunieleza?"

"Nilingoja uone. Kila asubuhi napita mbele ya kamera yako. Nikasema, huyu kaangalia mifupa ya watu maisha yake yote, mkono wangu utampitaje? Wewe ukawa unaniambia nafukuza ndege."

Hakusema kwa hasira. Mkewe aliokota picha moja moja, akazitia kwenye bahasha, akaandika juu yake jina la mumewe na umri, kama alivyofanya kazini. Alipofika kwenye umri kalamu ikasita. Akalia kidogo, akiwa amesimama, kisha akamalizia kuandika.

"Kesho tunakwenda."

"Kesho nina saa ya mwalimu."

"Mwalimu atauliza watu ni saa ngapi."

Daktari wa mishipa ya fahamu, dada mwenye sauti ya chini, alimtembeza Fundi kwenye korido, akamwambia agonganishe kidole na gumba, akamchoresha duara. Halafu akazipanga picha mezani.

"Wengi wanakuja hawajui ilianza lini," alisema. "Nyinyi mmekuja na tarehe."

Ulikuwa ugonjwa wa kutetemeka, ijapokuwa mkono wa Fundi ulikuwa bado haujatetemeka. Dawa ya kuuondoa haipo. Ipo ya kumpunguzia makali, mara tatu kwa siku, pamoja na mazoezi mengi.

Baada ya miezi miwili mkono ulianza kuyumba tena, si kama zamani, lakini ulitoka tumboni. Fundi alifunga kibanda, vifaa vyake akampa yule wa sokoni, na kwa wiki nzima baadaye hakutaka kuzungumza na mtu. Binti aliichapa kalenda kwa picha za maua na wadudu zilizopigwa kwa karibu tu. Picha za kona zilibaki kwenye faili la hospitali.

Jumatano wanakwenda pamoja kwenye mazoezi. Wagonjwa ni saba, wanarushiana mpira na kutembea kwa mashindano kati ya mistari iliyochorwa sakafuni. Mkewe anakaa kwenye benchi na wake na waume wa wengine, mikono mitupu, akimtazama. Juma lililopita Fundi alishika nafasi ya tatu. Njia nzima ya kurudi alieleza kwamba wa pili ana miaka hamsini na mbili tu, na kwamba alianza kabla ya kuruhusiwa.

"Nilimwona," mkewe alisema.