Ombi la Mama Wawira

Kama hujawahi kuuawa kwa maombi, mshukuru Mungu. Ruguru aliuawa mwezi wa pili, mchana kweupe, akiwa amefumba macho na kusema amina.

Akina mama wa Dorkasi, kikundi cha wanawake wa kanisa kule juu ya Kianjokoma kwenye mashamba ya majani chai, hutembeleana kila mwezi. Wanakula mukimo, wanakunywa chai, kisha mmoja anasimama kuwaombea wenzake. Na akisimama hakatizwi. Aseme nini, amseme nani, kazi yako wewe ni kufumba macho na kuitikia.

Mwaka ulipoanza, Ruguru alimwendea mwenyekiti wao, Virginia, wakiwa wawili tu. Binti yake Wawira alikuwa akianguka kifafa mara moja moja, na wazee wa upande wa Muchangi, mchumba wake, walikuwa karibu kuleta mahari. Muchangi mwenyewe alijua na akasema hajali. Jamaa zake ndio hawakujua.

"Niombee tu, Mama Mugendi. Lakini iwe siri yetu."

"Ai, dada! Na mimi tena?" Virginia akamshika mikono yote miwili.

Basi mwezi wa pili, nyumbani kwa Ruguru mwenyewe, Virginia akasimama na kupaza sauti: "Ee Bwana, mguse Wawira, binti wa dada yetu, mfungue na hicho kifafa!" Shangazi wa Muchangi alikuwa ameketi karibu na mlango, mgeni wa siku hiyo. Macho aliyafumba, masikio je? Wiki mbili hazikuisha, wazee wakatuma habari kwamba hawaji tena. Na Muchangi, yule asiyejali, akazima simu.

Wawira alijifungia chumbani siku nne. Aliyekuja kukaa naye ni mmoja tu, Lorna, mke wa Mugendi, mwana wa Virginia. Mugendi alikuwa Qatar kikazi, hivyo Lorna aliishi na mama mkwe. Alimletea Wawira uji, akamsuka nywele, akamchekesha hadi akatoka nje.

Na Virginia? "Ni mpango wa Mungu, dada." Mpango wa Mungu! Damu ilimchemka Ruguru, akatabasamu. Siku hiyo aliapa kwamba atamlipa mwanamke huyu, na atamlipa kwa maombi hayo hayo. Zamu yake ya kuomba ilikuwa mwezi wa kumi na moja, nyumbani kwa Virginia. Miezi tisa. Haya, hata mimba huchukua hivyo.

Alichokosa ni kitu cha kuombea. Mwezi wa saba, mvua ya manyunyu ikiwa haikatiki, Virginia aliteleza shambani akavunjika mguu. Wenzake walikuja na sukari wakaenda zao. Ruguru alikuja kila siku. Lorna akiwa shambani, yeye alimchotea Virginia maji, akamwogesha, akamkanda mgongo. Wanawake walimsifu mpaka akaona haya kidogo, lakini kidogo tu.

Wiki ya tatu, Ruguru akiwa anamfuta miguu, Virginia aliangua kilio, akasema yote. Mugendi hakufika Qatar. Mwaka wa pili sasa alikuwa gerezani, alikamatwa na magunia ya bangi. Zile jumbe za mapenzi ambazo Lorna alizisoma kwa simu kila Jumapili, aliyekuwa akiziandika ni Virginia mwenyewe, kwa laini nyingine.

"Usimwambie mtu, dada."

"Nitakuombea," Ruguru akasema.

Novemba ikafika. Sebule ilijaa vitambaa vyeupe vya kichwa, na Lorna alikuwa akizunguka na birika. Ruguru akasimama. Alianza na mvua, akaja kwa wagonjwa, akapunguza mwendo.

"Ee Bwana, mkumbuke dada yetu Virginia. Mkumbuke Mugendi huko gerezani alikofungwa kwa bangi..."

"Amina," wakaitikia wachache kwa mazoea. Virginia alifumbua macho. Ruguru naye alikuwa ameyafumbua zamani, amemkazia. Walitazamana.

"...na umsamehe mama huyu anayemwandikia mkaza mwanawe jumbe za mapenzi kwa jina la mumewe."

Kitu kilianguka na kuvunjika. Ruguru hakugeuka kuangalia. Alitaka uso ule mmoja tu, na aliupata, ukiwa umesawijika. Lo, utamu ulioje! Akamalizia ombi lake polepole, bila kuruka mtu.

Alipotoka hapo alimkuta Wawira shambani akichuma majani, kikapu mgongoni. "Nimekulipizia, mwanangu!" Akamsimulia yote, akicheka, akiigiza mdomo wa Virginia ulivyobaki wazi.

Mikono ya Wawira ilisimama. "Lorna alikuwepo?"

"Si ndiye alikuwa anatumiminia chai."

"Alifanyaje?"

"Mimi nilikuwa namwangalia Virginia."

Wawira aliteremsha kikapu, akakiweka chini. "Nilikuwa na rafiki mmoja, mama. Mmoja. Mama Mugendi aliniumiza, lakini hakuja kuniambia amefanya hivyo kwa ajili yangu."

Akaanza kuteremka njia ya kwa Virginia, akikimbia.

"Yeye ndiye alianza!" Ruguru akapiga kelele. "Wawira! Si ni yeye alianza?"

Wachumaji wa ng'ambo ya mto waliinua vichwa kumtazama. Wawira hakugeuka.