Kizuizi Kilichofuata Maharage

Jovitha alikuwa ameinama akipepeta maharage kwenye ungo, mtoto mgongoni, alipoona kwamba kizuizi cha ushuru kimehamia uani kwao. Jana kilikuwa barabarani, pale malori yanapopunguza mwendo kuelekea Nyantakara. Leo kilikuwa kati ya migomba na choo: gogo lilelile jekundu na jeupe, jiwe limefungwa kwa waya kwenye ncha yake nzito. Shilinde, mtoza ushuru, alikuwa kando yake kwenye kiti cha plastiki, mashine ya risiti mapajani.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkwe wa Jovitha, aliyekuwa akitoka ndani.

"Marahaba. Umehamia?"

"Kimehama chenyewe. Mimi nakaa kinapokaa."

Mama mkwe akamletea maji ya kunywa.

Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana sababu ilijulikana. Tangu mavuno yaanze, watu walikuwa wakikwepa kizuizi kwa kukatiza na baiskeli zao katika migomba ya mama mkwe. Yeye aliwaruhusu, ila kila aliyepita alimwachia konzi ya maharage kwenye kikapu mlangoni. Kikapu kilijaa, kikamwagwa guniani, kikajaa tena. Kizuizi kikanusa njia.

Jirani yao, mzee Ngassa, alipita kukiangalia. Alilipigapiga gogo kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Nilikotoka kiliingia mpaka zizini," alisema. "Ng'ombe walisumbua mwanzoni."

"Halafu?" Jovitha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Halafu wakazoea."

Baada ya hapo kilisogea mbele ya mlango wa jiko. Ndizi zililipiwa ushuru, kisamvu kililipiwa. Mvua zilipoanza kikaingia ndani, kikalala kati ya mafiga na mkeka wa kulia. Shilinde aliingia nacho. Alivua viatu mlangoni, na wakati wa kula aligeuza uso ukutani kwa adabu. Pesa hazikuwapo, maana Danstan, mume wa Jovitha, alikuwa machimboni na hakuwa ametuma kitu. Kwa hiyo chungu kilipoepuliwa mashine ililia, Shilinde akapewa upawa mmoja wa chakula, akaumimina kwenye ndoo aliyokuja nayo. Ndipo gogo lilipoinuka, nao wakala. Jioni pikipiki ilikuja kuchukua ndoo.

"Hivi huu ushuru unafanya nini?" mama mkwe alimuuliza siku moja.

"Maendeleo, mama."

"Yapi, mwanangu? Zahanati imebaki msingi, mbuzi wa Ngassa ndio wanaolazwa humo."

Shilinde alilitazama gogo. "Rangi," alisema. "Huu mti unapakwa upya kila msimu."

Kweli ulikuwa unang'aa.

Mama mkwe alimfariji Jovitha walipokuwa wakimenya mihogo. "Kimefika mwisho. Chakula kikishaingia tumboni kimeisha, huko hakuna wa kukifuata."

Jovitha alichukua muhogo mwingine. Alikuwa akinyonyesha, na alijua kwamba kwake chakula hakiishii tumboni.

Akaanza kunyonyesha nyuma ya nyumba, amejifunika kanga mpaka kichwani. Mtoto alipofyonza kwa sauti, yeye alikohoa ili asisikike. Hakumwambia mtu. Ila kila alipomaliza na kurudi jikoni, alikuta gogo limejigeuza kidogo sakafuni, kama mgonjwa anayetafuta upande wa kulalia.

Asubuhi moja alimfunga mwanawe Anneth mgongoni akaondoka, aende kwao Bugarama. Alipofika mwisho wa migomba aligeuka. Nyayo zake zilikuwa zimechora njia mpya kwenye tope, na mwanzoni mwa njia hiyo ncha nyekundu ya gogo ilikuwa imekwishatokeza mlangoni, ikielekea alikokuwa akielekea. Alilifikiria jiko la mama yake, na watoto wa kaka yake wanaokula kwenye sinia moja. Alisimama pale mpaka miguu ikaingia baridi. Kisha akarudi, akikanyaga palepale alipokuwa amekanyaga.

Jioni yake alipofungua vifungo vya gauni, kizuizi kilikuwapo. Kilikuwa kimejifanya kidogo, urefu wa kijiko, chekundu na cheupe, na kokoto limefungwa kwa waya mwembamba. Kilikuwa kimelala kati ya titi na mdomo wa mtoto. Anneth alikisukuma kwa ulimi, kisha akalia.

Shilinde alitazama ukuta. "Samahani, mama Anneth."

"Huyu hana jino hata moja, Shilinde."

"Mashine haijui meno."

Mama mkwe aliketi chini, mikono kichwani. Halafu akainuka, akatafuta kikombe, akakisuuza vizuri, akamkabidhi mkwewe.

Jovitha akakamua. Kikombe kilipojaa, kizuizi kiliinuka na mtoto akanyonya, lakini maziwa yakakatika kabla hajashiba. Pikipiki ilipokuja ilibeba ndoo na kikombe.

Anneth alilia jioni hiyo na jioni zilizofuata, hadi sauti ikakauka. Kisha akaacha. Siku hizi hajajua bado kusema mama. Akisogezwa kwenye titi hafungui mdomo. Humgeukia Shilinde, akatulia, akasubiri mashine ilie.