Wanne Mstarini

Barua ya kampuni ilikuwa na adabu zote. Ilimshukuru Sindano kwa uaminifu wake wa miaka minne, ikamtakia kila la heri, na katikati ya shukrani na heri ikamfungia mlango: kuanzia tarehe mosi, mchezo wa mbio za magari hautafunguka tena kwenye kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux. Wachezaji wa namna hiyo, ilisema, hawafiki hata mmoja katika mia.

Sindano, fundi cherehani, aliisoma mara mbili, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Kisha akajitazama kwenye kioo cha wateja. Hafiki hata mmoja? Alikuwa mtu mmoja kamili, tena mnene kidogo.

Mwingine angebadilisha tu mfumo, yakaisha. Lakini kompyuta yake ilikuwa kongwe, ilitupwa na shule fulani, na Windows mpya ingeielemea. Isitoshe, ndiyo iliyoendesha cherehani ya kudarizi. Nembo za sare zote za duka lake zilichorwa humo, kwa programu ya bure. Linux aliiweka mwenyewe, siku tatu nzima za kusoma maelekezo na kulaani. Aitoe kwa sababu ya nani?

Magari yenyewe hayakumshughulisha. Alichokipenda ni Jumamosi saa kumi alasiri. Mama yake alipokuwa hai, hakuna aliyegusa sahani mpaka watoto wote wanne waitike. Aliwaita mmoja mmoja, hata aliyekaa mbele ya pua yake, kila mmoja akajibu "nipo", ndipo aseme, "Haya, naweni mikono." Alipofariki, kila mtoto alikuwa katika mji wake. Kitindamimba, fundi simu, akawaingiza wote kwenye mchezo, na Kaka Mkubwa, dereva wa lori, akarithi kazi ya kuita. Kila Jumamosi walipigiana simu ya pamoja, magari manne yakajipanga mstarini, wakaitikia. Kaka aliposema naweni mikono, ndipo wakaondoka.

Kaka huyohuyo alikuwa na mdomo. Alishajua kwamba nembo ya Linux ni pengwini, na miaka minne hakumpa Sindano nafasi ya kupumua. "Ndege asiyeruka," alisema kila mara, "ndiyo maana unashika mkia."

Basi leo amwambie pengwini amefukuzwa? Sindano aliona heri afe na tai yake shingoni. Akaandika kwenye kundi lao: "Nimelemewa na sare. Msiningoje." Sare zilikuwepo, ila alizimaliza Alhamisi. Jumamosi saa kumi alikaa akifumua suruali isiyo na kosa, apate tu cha kushika mkononi. Jumamosi ya pili akaandika hivyohivyo, na safari hii alilia, tena si kidogo.

Jumamosi ya tatu simu ikalia saa kumi na dakika tano. Alikuwa Kitindamimba.

"Shikamoo, dada. Sare haziishi?"

"Marahaba. Haziishi."

"Haya. Basi tuambie tukae hapa mstarini mpaka lini, maana tukifukuzwa tena leo tunashushwa daraja."

Sindano akaweka mkasi mezani. "Mnafukuzwa na nani?"

"Na mchezo. Ukikaa dakika kumi hujaondoka, unatolewa. Tumeshatolewa wiki mbili."

"Si niliandika msiningoje?"

"Uliandika," alisema Kitindamimba. "Hukuitika."

Dada Mkubwa, muuguzi asiyejua kunong'ona, akadakia kwenye simu ileile. "Na sare gani hizo za wiki tatu? Unashonea jeshi?"

Uongo ukamwishia hapo. Akawaeleza yote, barua na mmoja katika mia, kisha akasubiri pengwini atajwe. Kaka Mkubwa akakohoa.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo," alikubali Kaka. "Halafu ningefanya nini, nile bila wewe?"

Kwenye simu zao, mlio wa mchezo ukasikika ukiwatoa mstarini kwa mara ya tatu, na hakuna aliyelalamika.

Wiki hiyo Kitindamimba akachakura mtandaoni, akapata mchezo mwingine wa mbio, wa bure, uliotengenezwa na watu wa kujitolea, unaokubali kila aina ya kompyuta. Sura haukuwa nayo. Magari yalikuwa kama vipande vya sabuni. Dada Mkubwa aliacha magari kumi na moja aliyoyasotea miaka minne, akasema afadhali, yalikuwa yakimharibia usingizi. Tatizo likabaki moja: mbio zilihitaji kompyuta moja ya kuwapokea wengine, na kati ya wote wanne ni Sindano tu aliyejua kuhangaika na mambo hayo. Ijumaa alipomaliza kudarizi nembo ya mwisho, akasoma maelekezo na kulaani, mpaka kompyuta kongwe ikakubali.

Jumamosi saa kumi magari manne yakajipanga. Wakamsubiri Kaka aite.

"Vipi?" aliuliza Sindano.

"Tumekuja kwako leo," alisema Kaka. "Mwenye nyumba ndiye anayeita."

Sindano akaanza. Akamwita Kaka Mkubwa, akajibu yupo. Akamwita Dada Mkubwa, akamwita Kitindamimba.

"Na wewe?" aliuliza Kitindamimba.

"Nipo," alisema Sindano. Kisha sauti ikamtoka, na haikuwa yake peke yake, ya mama ilikuwamo. "Haya, naweni mikono."

Magari matatu yakaondoka. La Kaka Mkubwa lilibaki mstarini kitambo, na siku hiyo ni yeye aliyeshika mkia.