Mwambie Nyanya Yako

Tryphosa Nasike alikuja Eldoret kwa wiki mbili. Hivyo ndivyo alivyowaaga majirani zake kule Bungoma, na hata kapu alilobeba lilikuwa kapu la mtu wa wiki mbili: gauni moja la kubadilisha, kitabu cha nyimbo, na unga wa wimbi wa kumpikia mzazi uji. Binti yake Esther alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mama gani angekaa nyumbani akingoja kusimuliwa? Alishuka kwenye gari la moshi mwezi wa pili. Sasa ulikuwa mwezi wa sita. Mahindi yake yalikuwa yamepandwa na kupaliliwa na watu wengine, na yeye bado alikuwa hapo, akipanga foleni ya maji kwenye bomba ili afue nepi.

Kilichomzuia ni kifua cha Esther. Mtoto alikuwa hajamaliza mwezi Esther alipoanza kukohoa, homa ikampanda, akalazwa katika hospitali ya Waafrika. Wageni waliruhusiwa siku mbili tu kwa wiki. Jumatano alikwenda Tryphosa, na Jumapili akaenda Wanyonyi, mume wa Esther, aliyekuwa akipakia makaa kwenye injini za reli. Hawakwenda pamoja hata siku moja, wala hakuna aliyetarajia waende.

Kwa Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ukimsikia anakuja huku, wewe unapitia kule. Kijijini hilo si kazi, maana migomba ya kujificha ipo tele. Lakini waliotunga desturi hiyo hawakuwahi kuona landi za reli za Eldoret, safu za mabati ambamo mtu, mkewe, sufuria zake na baiskeli yake hulala katika chumba kimoja. Harusini kwa Esther, Tryphosa alijifungia jikoni tangu asubuhi mpaka bwana harusi alipoondoka. Uso wa mkwe wake hakuujua, na aliona fahari kutoujua.

Kwa hiyo walijipanga. Usiku Tryphosa na mjukuu walilala kwa Priscah, mjane wa Kinandi aliyekuwa na chumba nyuma ya landi na aliyeuza maziwa na mayai. Mchana, Wanyonyi akiwa kazini, Tryphosa alikwenda chumbani kwake kufagia, kupika na kufua. King'ora cha stesheni kilipolia jioni alimfunga mtoto mgongoni na kuondoka upesi. Wanyonyi naye alikohoa mara tatu akifika kwenye kona, kama kuna mtu amechelewa apate kupotea.

Wakiwa na la kuambiana, walimtumia mtoto. Wanyonyi alisimama nje ya ukuta wa Priscah na kusema kwa sauti, "Nekesa, mwambie nyanya yako nimeleta sukari. Iko mlangoni."

"Nekesa," Tryphosa alijibu kutoka ndani, "mwambie baba yako asante. Na shati lake limekauka."

Nekesa, mwenye miezi minne na bila jino hata moja, hakumwambia mtu chochote. Alinyonya ngumi yake huku ujumbe ukipita juu ya kichwa chake. Priscah alicheka mpaka akafuta machozi, ingawa kwao pia mambo ya wakwe si ya kuchezea.

Siku zilikuwa ndefu. Tryphosa alizoea kukaa mlangoni na kuuwaza mji huu, na hakuupenda. Kuni zilinunuliwa. Watu walifunga milango kwa kufuli wakienda chooni tu. Ungeweza kutembea kutoka stesheni hadi sokoni usiulizwe wewe ni wa nani. Upepo ulileta harufu chungu ya magome ya miti ya miwati kutoka kiwandani, na baridi ya asubuhi ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Alijiuliza kama kuku wake wangemkumbuka. Zaidi ya yote alijiuliza kama Esther angetoka hospitalini kwa miguu yake. Swali hilo aliamka nalo na kulala nalo.

Mkwe wake alimjua kwa kikohozi, kwa sauti, na kwa nguo alizomfulia. Nguo aliyoijua zaidi ni koti jeusi zito la reli. Lilichanika begani, naye akalishona kiraka chekundu alichokata kwenye gauni lake kuukuu. Kiraka kile kilionekana kutoka mbali, na alikionea raha kidogo, maana ndicho kitu pekee alichoweza kumpa kijana yule bila kumpitishia mtoto.

Jumamosi moja alasiri alikuwa akitoka sokoni, akapita karibu na kilabu cha pombe. Mbele yake, kwenye kundi la watu, aliliona lile koti. Mwanamume mrefu alikuwa amelivaa, amempa mgongo, mkono umezunguka shingo ya mwanamke mwenye leso ya njano, na wote wawili walikuwa wakicheka. Hapo ndipo desturi ilipomfanyia ubaya. Heshima ilimwinamisha uso kabla hajatazama mara ya pili. Aligeuka haraka akapitia njia ya mtoni, moyo ukimpiga kwa aibu, na kabla hajafika kwa Priscah aibu ilikuwa imekuwa hasira. Mtoto wangu anakohoa damu, alijiambia, na huyu anacheka.

Sasa kila kitu kilikuwa ushahidi. Kikohozi cha jioni kilikuwa kimezidi, naye akasema ni pombe hiyo. Wanyonyi alichelewa kurudi, akasema tunajua alikokuwa. Priscah hakuambiwa neno. Siri za nyumba hazimwagwi mbele ya watu, na laiti angeimwaga.

Jumatano Esther aliuliza kama alivyouliza kila mara, "Mama, baba Nekesa anakula vizuri? Anachoka sana?"

Tryphosa alikuwa ameapa kunyamaza. Lakini aliona mifupa ya mabega ya bintiye, akaona alivyokuwa akimhangaikia mtu yule, na maneno yakamponyoka.

"Hachoki," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu kwenye kilabu, amemkumbatia mwanamke. Wewe pona, turudi nyumbani."

Esther hakulia. Aligeukia ukutani. Baada ya muda alisema mayai ya hospitali siku hizi hayana ladha, na hakuuliza tena habari za mumewe.

Jumapili jioni Wanyonyi alisimama nje ya ukuta. "Nekesa, mwambie nyanya yako nilikwenda. Mama yako alikuwa amelala. Nilikaa mpaka wakatutoa, sikutaka kumwamsha."

Tryphosa alijua usingizi huo. Aliendelea kukunja nepi, akijiambia kwamba amefanya haki.

Ijumaa iliyofuata, saa sita mchana, alikuwa chumbani kwa Wanyonyi akikoroga uji aliposikia kikohozi kwenye kona. King'ora kilikuwa hakijalia. Alimshika mtoto lakini hakupata pa kukimbilia, kwa kuwa hatua zilikuwa zimeshafika mlangoni. Ziligeuka. Alisikia mgongo wa mtu ukiegemea bati kwa nje.

"Nekesa," sauti ilisema. Ikakatika, ikaanza upya. "Nekesa, mwambie nyanya yako... mwambie nyanya yako mama yako ametuacha. Asubuhi hii."

Tryphosa alianguka chini na mtoto kifuani. Alilia upande wa ndani wa bati, Wanyonyi akalia upande wa nje. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumshika mwenzake. Mtoto alilia pia, kwa njaa.

Hapakuwa na njia ya kumpeleka maiti Bungoma, hivyo Esther alizikwa kesho yake kwenye makaburi ya Waafrika nje ya mji, katika udongo usiomjua. Wanawake walisimama upande mmoja, wanaume upande wa pili, na Tryphosa aliinamisha uso. Kisha, kati ya waliofukia kaburi, aliona kiraka chekundu kikipanda na kushuka. Hasira ilimshinda, akainua macho. Aliyevaa koti alikuwa mzee mwenye mvi na pengo kubwa la meno.

"Yule ni nani?" alimnong'oneza Priscah.

"Jackson, wanafanya kazi pamoja na mkwe wako. Alinunua hiyo koti yake mwezi iliyopita."

"Mkwe wangu aliliuza kwa nini?"

Priscah alimtazama kwa huruma. "Mama Esther, si ndiyo apate ya kununua mayai? Kila jioni alichukua mbili kwangu akapelekea dresa wa hospitali ampikie mgonjwa. Aliniambia nisikuambie, ati wewe ndiyo ulishona hiyo koti, utaumia."

Ng'ambo ya kaburi, katika baridi ile ya mwezi wa saba, kijana mwembamba alisimama na shati tupu, mikono ameikunja kifuani. Alikohoa. Tryphosa aliinamisha uso kabla hajauona wake.

Siku ya nne alifunga kapu ili aende na mtoto Bungoma. Aliketi kwa Priscah akingoja saa ya gari la moshi. Kikohozi kilisikika mara tatu, kisha sauti nje ya ukuta.

"Nekesa, mtii nyanya yako. Mwambie nitakuja Krismasi kukuona."

Tryphosa aliweka kapu chini. Alimgeuza mtoto akamtazama usoni, maana uso huo ndio pekee aliokuwa na haki ya kuutazama.

"Nekesa," alisema, "mwambie baba yako kwamba Jumapili ile mama yako hakuwa amelala. Mimi nilimwambia nimemwona baba yako na mwanamke. Niliona koti. Mtu sikumwona."

Kwa mbali makaa yalimwagwa kwenye injini.

"Nekesa," Wanyonyi alisema hatimaye, polepole, "mwambie nyanya yako nilijua hakuwa amelala. Kope zake zilikuwa zinatetemeka. Nilidhani amechoka kuniona, ndiyo nikakaa kimya."

Tryphosa aliweka kiganja juu ya bati la ukuta. Lilikuwa baridi. Alingoja aambiwe neno lingine, la kumlaumu au la kumsamehe, lolote, lakini alisikia hatua zikiondoka na kikohozi kikienda nazo mpaka kwenye kona. Ndipo Priscah alipoingia na kusema gari la moshi limefika, na akamsaidia kumfunga mtoto mgongoni.