Jozi Thelathini na Moja za Macho

Mke wa Fundi Meno alifungua oveni atie mkate wake, akakuta macho sita yamepangwa kwenye trei, yanamkodolea.

"Hivi humu ndani tunaishi watu au wachawi?" akafoka.

"Usiyaguse! Yamebakiza dakika nne."

"Na mkate wangu?"

"Mkate hauna haraka," alijibu Fundi Meno, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye meza yake ya kazi. Mtu mwenye akili timamu hamjibu mkewe hivyo, lakini akili timamu ilikuwa imemhama mwezi mzima.

Jina lake halikutoka hewani. Miaka thelathini na minane alitengeneza meno bandia, na nusu ya wazee wa mtaa ule walikuwa wanatafuna kwa jasho lake. Alipostaafu mikono ikamwasha. Angeweza kulima mchicha kama wastaafu wenzake. Lakini kulikuwa na deni la macho, na deni hilo lina historia isiyompendeza hata yeye.

Alipokuwa na miaka tisa na mdogo wake wa kike ana sita, huyo mdogo wake alikuwa na mwanasesere mwenye macho ya kioo. Kaka mtu alikuwa ameishiwa gololi. Akachukua kijiko, yaliyofuata malizia mwenyewe. Saa sita mchana gololi zote mbili zilikuwa zimeliwa mchezoni na watoto wa jirani.

Dada mtu hakusahau ng'o. Siku ya harusi ya kaka yake alisimama kutoa nasaha, akawaambia wakwe, "Mmepata mkwe mzuri, ila akija kulala kwenu, nyinyi laleni kifudifudi." Kwenye misiba alimtambulisha hivyohivyo: huyu ndiye aliyemtoboa macho mwanangu. Na yule mwanasesere kipofu akamtunza miaka hamsini na saba, anamfulia gauni na kumchana nywele, mpaka zikabaki nywele za kuhesabika.

Kisha presha ya macho ikampata dada mtu mwenyewe. La kulia lilizima kabisa. La kushoto akawa anaona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Daktari hakumung'unya maneno: dawa zitachelewesha tu, na huenda mwaka usiishe. Kesho yake akaja kwa kaka yake na mwanasesere kamfunga kwenye taulo, akamlaza mezani.

"Kaka, mrudishie mwanangu macho. Nataka nimwone hata mara moja, kabla sijawa kama yeye."

Fundi Meno alitamani kulia, lakini wao hawakulelewa kuliliana usoni. Akakohoa. "Wiki mbili," akasema. "Kinywa kizima cha mtu nilikuwa nakimaliza kwa wiki moja, sembuse macho mawili?"

Moyoni alitaka kitu kimoja tu: awe amekaa mbele ya dada yake siku hiyo, amwone uso unavyobadilika. Amesutwa miaka hamsini na saba. Dakika moja ya kusamehewa si nyingi.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kwa umbo, kubwa kwa karaha. Ule udongo laini wa rangi rangi, unaookwa ukawa mgumu kama plastiki, aliukanda mpaka vidole vikauma. Mweupe hakuutumia mweupe mtupu, maana jicho jeupe pe ni la maiti. Alitia chembe ya njano. Mweusi aliuviringisha, akauzungushia nyuzi za udongo wa kahawia, akauvuta wote pamoja hadi ukawa mwembamba kama tambi, akaukata kwa wembe. Kila kipande kikatoka na duara la kahawia na kitobo cheusi katikati. Mishipa ya damu haikumsumbua. Alikuwa na kopo la vinyuzi vyekundu, vile vinavyotiwa kwenye fizi bandia zionekane hai. Akavipandikiza kimoja kimoja kwa sindano, kwenye jicho lenye ukubwa wa gololi ndogo, huku amebana pumzi.

Yalitoka mazuri, wallahi. Ungeyaona ungeyaamkia. Lakini Fundi Meno haambiliki. Jozi ya nne, moja lilikuwa kubwa kwa unywele. Jozi ya sita ilikuwa na huzuni. Jozi ya tisa, la kushoto lilikuwa linachungulia pua. Yote akayatupa kwenye kopo la biskuti, akaanza upya.

Wiki mbili zikawa saba. Dada akawa anapiga simu.

"Yameiva?"

"Bado kidogo, mdogo wangu."

"Basi ongeza moto. Jana nimeliamkia kabati: shikamoo."

Akacheka yeye, akacheka na kaka yake, simu ikakatwa. Mke wa Fundi Meno, aliyesikia kila neno, hakucheka.

"Mpelekee yaliyopo," akasema.

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Wifi yangu anazimika, wewe unapima unywele!"

"Mama watoto, wewe hujui kazi hii."

Kweli hakuijua. Ndiyo maana siku Fundi Meno alipotoka kununua nyembe, mkewe alitia mkono kwenye kopo la biskuti, akatoa jozi iliyokuja mkononi, akayabandika kwa gundi ya viatu, akambeba mwanasesere kwapani na kwenda zake kwa wifi yake.

Fundi aliporudi akakuta meza tupu. Mkewe alikuwa anamenya viazi, ametulia tuli.

"Umempeleka na jozi gani?" akauliza.

"Nitajuaje? Moja linachungulia pua."

"Jozi ya tisa! Umenivua nguo mbele ya dada yangu! Yana makengeza!"

"Hata mjomba wako alikuwa na makengeza, na wake wawili wakamgombania. Sikiliza, mume wangu, ungemwona wifi..."

Hakutaka kusikia. Akaingia chumbani, akabamiza mlango. Akanuna mnuno wa mtoto aliyenyimwa sukari, na kwa dada yake hakwenda. Alijiambia: sitatia mguu pale mpaka nimeshika jozi ya kufuta aibu hii. Siku ishirini na tatu alikanda, akakata, akaoka. Jozi ya thelathini na moja ilitoka bila kasoro. Aliigeuza kwenye mwanga, akatafuta kosa kwa udi na uvumba, akalikosa. Akaviringisha yale macho ndani ya pamba, akavaa shati lililopigwa pasi.

Dada yake alikuwa amekaa kwenye kochi, mwanasesere mapajani. Aligeuza uso mlango ulipolia, lakini aliugeuza kidogo kupita mahali kaka yake aliposimama.

"Nani?"

Fundi Meno akajua. Akakaa bila kukaribishwa. "Mimi. Tangu lini?"

"Alhamisi iliyopita. Nililala naona dirisha, nimeamka silioni." Akapapasa, akaushika mkono wake. "Usinyamaze, basi. Kipofu ni mimi, bubu usiwe wewe."

"Nimekuletea macho yenyewe," akasema, akafungua pamba. "Hayo aliyoleta mke wangu yalikuwa ya kutupwa. Nipe nimbadilishie. Dakika mbili tu."

Dada yake akamvuta mwanasesere kifuani, akamfunika uso kwa kiganja.

"Humgusi tena mwanangu, kaka. Haya niliyaona. Hayo yako sitayaona."

Machozi yakamtoka Fundi Meno, safari hii hakukohoa. Alilia kwa sauti, pamba mkononi, na dada yake akamwacha alie mpaka akapata pumzi.

"Siku ile ulipoyaona," akauliza, "ulifanyaje? Ulifurahi?"

"Muulize mkeo," dada yake akamjibu. "Yeye alikuwepo."