Ekseli ya Mbele Haisomi

Usiku wa jana niliota nimekodi gari lenye nyumba mgongoni: vitanda vinne, jiko la gesi, choo, na pazia la maua. Nilikuwa nawapeleka watoto kambini. Tusajigwe ana miaka kumi na sita, Lusekelo kumi na minne, na mimi baba yao nina likizo ya siku kumi na nne kwa mwaka. Nimejenga barabara za watu miaka kumi na moja. Nalala kwenye kontena, kambi ya ujenzi huko porini, na mafundi wenzangu.

"Twendeni kambini," nikawaambia. "Familia nzima."

"Kambini si ndiko unakoishi?" Tusa akauliza. Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza tu kama mtu anayeuliza saa, na hilo ndilo lililonikera.

Mke wangu, Mama Tusa, alikuwa ameshakaa, mkoba mapajani. Tukaondoka Tukuyu asubuhi, jua kali nje, mvua ikinyesha ndani ya gari. Hakuna aliyeshangaa.

Sheria za gari zilikuwa zimebandikwa mlangoni. Ya kwanza: simu za vijana zikusanywe. Nikashika sufuria, nikapita nayo kama mzee wa kanisa na kapu la sadaka. Wakaziweka bila kubisha. Nikajisemea, kumbe kulea watoto si kazi ngumu kiasi hicho.

Ndani ya sufuria mtu akakohoa.

"Shikamoo, mzee," ikasema simu ya Lusekelo. "Hatujawahi kutambulishwa. Mimi ndiye niliyemfundisha mwanao kunyoa."

"Kunyoa nini? Huyu bado mtoto."

"Ndevu. Mwezi wa tatu. Alijikata hapa chini ya kidevu, nikamwonyesha namna ya kuzuia damu. Alikupigia wewe kwanza. Hukupatikana."

Nikaiuliza simu ya Tusa kama nayo ina la kusema.

"Ninayo mengi," ikajibu. "Lakini mwenyewe ameniomba nisikwambie."

Nikaifunika sufuria kwa mfuniko, nikaweka na jiwe juu.

Sheria ya pili: vijana wapewe nafasi yao. Naisoma kwa sauti, na kabla sijamaliza gari linaanza kurefuka. Benchi la nyuma linarudi nyuma. Linapita jiko, linapita choo, linapita mji wa Uyole tuliouacha nyuma. Natazama kwenye kioo: wanangu wamekuwa wadogo kule mwisho, wanachekea jambo fulani. Nataka sana kujua wanachekea nini.

"Jirudishe!" naliambia gari.

"Nafasi ikishatolewa hairudi," linajibu, kwa sauti ya karani aliyebakiza dakika tano afunge dirisha. "Na usinisingizie. Mimi nimeikuta kubwa hivi hivi."

Nikapiga breki. Mara benchi likawa mahali pake, na mbele yetu pana mizani, ile ya kupimia malori. Msimamizi alikuwa bata mzinga, kavaa kizibao cha kung'aa na buti. Sikuwa na wasiwasi. Nimepita kwenye mizani mara nyingi na malori ya kokoto, na makaratasi yangu huwa safi.

"Hapa hatupimi chuma," akasema bata mzinga. "Tunapima watu. Songa taratibu."

Nikasonga. Akatazama namba za kila ekseli, ule mhimili wa magurudumu, akajikuna kichwa kwa ncha ya buti.

"Ekseli ya nyuma, safi. Mama yupo, watoto wawili wapo. Ekseli ya mbele haisomi. Dereva wenu yuko wapi?"

"Dereva ni mimi."

"Hebu kaa vizuri."

Nikakaa vizuri. Nikajirusha kitini mara tatu. Mama Tusa akageuza uso dirishani kwa aibu.

"Sifuri," akasema bata mzinga.

"Sifuri vipi? Nyumba wanayokaa nimejenga mimi! Kisima nimechimba mimi!"

"Nyumba na visima tunapima Alhamisi." Akafunua kitabu. "Mtu asiye na uzito haruhusiwi kusafiri na familia, atapeperuka asababishe ajali. Ila mtoto mmoja akikumbuka siku moja tu uliyombeba, nitaandika uzito wa siku hiyo, mtapita wote."

Nikawageukia. Sijawahi kuogopa vile, hata siku greda liliponikosakosa. Tusa anatazama kucha zake. Lusekelo amefumba macho, anatafuta. Anatafuta kwa moyo wote, mtoto wa watu, mpaka jasho linamtoka.

"Ninayo!" akasema. "Tulivuka mto. Maji yalikuwa yamejaa. Baba alinibeba mabegani, nikamshika masikio, akawa anaimba."

Bata mzinga akachukua kalamu. Machozi yakanilengalenga. Nikaanza kuukumbuka ule mto, nikaukumbuka mpaka ubaridi wa maji yake.

"Yule alikuwa Mjomba Asumwike," Tusa akasema polepole. "Baba hakuwepo."

Lusekelo akafumbua macho. Akanitazama, akatazama chini.

"Samahani, baba. Nilidhani ni wewe."

Sikumkasirikia mtoto. Nilimkasirikia shemeji yangu, kisha mto, kisha barabara zote nilizopiga lami, ambazo watu wengine huzitumia kurudi nyumbani kwao.

Bata mzinga akainua kizuizi. Sikumbuki kushuka, ila nimesimama juu ya mizani peke yangu, na Tusa ndiye ameshika usukani. Anaendesha vizuri. Sijui nani alimfundisha.

Mama Tusa akatoa kichwa dirishani, akaniambia yale anayoniambia kila mwaka stendi, kwa sauti ile ile.

"Haya, baba Tusa. Ukifika kambini utupigie."

Nikaamka. Kumekucha, nipo nyumbani, siku ya tatu ya likizo. Sebuleni wao watatu wanakunywa chai na kuongea wote kwa pamoja. Nikapapasa kitanda. Upande wa mke wangu godoro lilikuwa limebonyea, bado lina joto. Upande wangu, nilikolala, shuka lilikuwa limenyooka na kuchomekwa pembe zote, kama kitanda cha mgeni ambaye hajafika.

Nikakaa ukingoni. Nikajikaza kwa uzito wangu wote. Godoro halikubonyea.