Kiti cha Mwisho cha Vani ya Absalom

Jumamosi moja asubuhi, mwaka wa 1989, Absalom aliegesha vani nyeupe mbele ya nyumba yake Nyamasaria, akazima injini, akabaki ameketi ndani ili majirani wapate muda wa kutoka nje. Walitoka. Mama mmoja alitoka na mwiko wa ugali mkononi, akausahau, na kuku wakamfuata.

Absalom alikuwa fundi wa injini za boti pale Dunga, kando ya ziwa, mtu mpole ambaye hakuwahi kumwambia ndugu yake "hapana" tangu azaliwe. Mkewe, Nekoye, alikuwa Mbukusu wa Misikhu, kule mbele ya Webuye. Vani ilinunuliwa kwa kuuza ng'ombe wa Nekoye, yule wa maziwa aliyemlea tangu ndama, na mapatano yalikuwa wazi: safari ya kwanza ni Misikhu. Mama yake Nekoye, bibi aliyeitwa Nakhungu, macho yalikuwa yanamfifia. Alikuwa ametuma neno kwamba anataka kuuona uso wa bintiye kabla giza halijamfungia. Nekoye hakutaka jingine lolote kwa hiyo vani.

Kitabu cha gari kiliandikwa jina la Absalom, kwa kuwa ng'ombe hajui kuandika sahihi.

Jirani yao Wakoli, mwalimu mwenye kigari kidogo cha buluu, alikuja kuikagua. Alipiga teke gurudumu moja, kama wafanyavyo watu wasiojua magari.

"Bwana Absalom, hii si gari ya familia," alisema. "Gari ya familia ni kama yangu. Mbele wawili, nyuma watatu, mlango funga. Mtu wa sita akikuja, gari yenyewe inamkataa. Wewe hata haufungui mdomo."

"Na kama huyo wa sita ni mama yako?"

"Mtoto mmoja atabaki kuchunga nyumba."

"Hiyo ni roho mbaya, Mwalimu. Familia ni watu. Hii inabeba watu."

"Itabeba," alisema Wakoli. "Hiyo ndiyo shida yake."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Ubishi huo uliendelea miaka mingi na hakuna aliyewahi kuushinda, ingawa kila mmoja alirudi kwake akiamini ameshinda.

Jumamosi iliyofuata watoto walikuwa wameoga, Nekoye amevaa kitenge chake kizuri, na mkungu wa ndizi uko chini ya kiti. Ndipo akatokea Obiero, kaka mkubwa wa Absalom, pamoja na shangazi yao Dorca na watu wengine wa ukoo. Kulikuwa na matanga Ahero.

"Omera, ndugu yangu," Obiero alimwambia mdogo wake, "nafasi iko?"

Nafasi haikuwapo. Viti vyote vilikuwa na watu. Absalom alitazama usukani, akatazama kaka yake, akasema, "Nafasi iko."

Nyuma ya kiti cha mwisho kikatokea kiti kingine. Kilikuwa na kitambaa kilekile cha kahawia, na hata mkanda usiofunga kama ile mingine. Vani ilikuwa imerefuka kidogo na kuingia kwenye ua wa jirani. Shangazi Dorca alitazama hicho kiti kipya na kusema kwamba yeye hakai nyuma, nyuma kunamtia kichefuchefu. Basi Nekoye akamwachia kiti chake, akahamia nyuma. Wakaenda Ahero. Zile ndizi zililiwa matangani na zilisifiwa sana.

Tangu siku hiyo mambo yalikwenda hivyo. Absalom akisema "nafasi iko," kiti kinatokea, na kila mara kinatokea mwisho kabisa. Wazee hawakai nyuma. Mashemeji hawakai nyuma. Watoto walipakatwa na wajomba kule mbele, wakanunuliwa miwa, wakasahau kurudi. Aliyebaki wa kusogezwa alikuwa Nekoye, na kila mgeni alipopanda alisogea, bila kugombana, kwa sababu ukigombana na mgeni wa mumeo utasemwa mpaka Dunga. Lakini ilimuudhi, maana alianza kuimba nyimbo za kwao kwa sauti ambayo haikuwa ya ibada.

Mlango wa nyuma wa vani ulichoka kuvutwavutwa na kitasa kikakatika. Absalom angeweza kukitengeneza. Mtu anayefufua injini za boti hashindwi na kitasa. Ila alikuwa na safari za watu. Akafunga kamba kwenye mlango na kusema aliye kiti cha mwisho awe anaishika. Aliye kiti cha mwisho alijulikana. Nekoye akaishika kamba kwenda harusi za Ahero, kupeleka kwaya Kibos, kubeba samaki wa shemeji, kurudisha watu waliogombana na kuleta watu wa kuwapatanisha.

Kuna wakati alimwambia mumewe, "Baba Ouma, wacha mimi nipande basi. Niende nimwone mama siku moja tu, nirudi."

Absalom aliumia kwa kweli. "Mama Ouma, watu wataniona aje? Bibi ya mtu mwenye gari anapanda basi? Ngoja, tutaenda. Si gari ni yetu?"

Mwaka wa tatu vani ikiegeshwa Nyamasaria ilifika stendi. Wachuuzi waliweka nyanya kwenye kivuli chake. Polisi mmoja wa trafiki aliisimamisha pale Kondele, akatembea kwa miguu kutoka mbele hadi nyuma, akarudi amelowa jasho.

"Hii ni gari ya abiria?"

"Hapana, afande. Ni ya familia."

"Wote hawa ni familia?"

"Wote."

Polisi alichungulia tena, akamwona binamu yake mwenyewe kwenye safu ya katikati, akapiga saluti.

Desemba 1992 habari zilifika kwamba Nakhungu sasa anaona vivuli tu. Nekoye hakulia. Aliweka sufuria chini na kusema, "Jumamosi." Absalom alimtazama, akaona kwamba hiyo si Jumamosi ya kuhamishwa. "Jumamosi," akakubali.

Lakini mwanamume haendi kwa wakwe zake peke yake kama anayekwenda kununua chumvi. Anasindikizwa. Obiero alilitangaza jambo hilo kanisani, kisha Dunga, kisha Nyalenda, na Jumamosi alfajiri ukoo ulikuwa umejipanga kando ya barabara, pamoja na kwaya, timu ya mpira, na jamaa aliyesema yeye anashukia Kakamega tu. Kila mmoja aliuliza kama nafasi iko. Absalom alikuwa na adabu, akamjibu kila mmoja.

Vani iliondoka na magunia ya omena na mbuta, samaki wa ziwani waliokaushwa. Ilipanda Mamboleo, ikapita Kiboswa, ikapita Chavakali. Ilikuwa imefika Kakamega kabla kiti cha mwisho hakijatoka Nyamasaria. Nekoye alikaa pale na kamba mkononi akitazama nyumba yake mwenyewe, na Wakoli akija na kikombe cha chai.

"Shemeji, bado uko?"

"Nimeenda, Mwalimu," alisema Nekoye. "Ni vile nyuma haijafika."

Saa sita hivi kiti chake kilijongea. Akapita mjini, akapita Kondele, akapanda kilima polepole. Alipofika Kiboswa, mbele ya wamama wanaouza maparachichi, vani ikasimama. Habari zikaja kwa mdomo, kiti kwa kiti, kutoka mbele: tumefika Misikhu, tumepokewa vizuri sana, asante Mungu.

Kule Misikhu wageni walikuwa wameketi, na kuku wamechinjwa. Nakhungu alikuwa jikoni, kwa kuwa kwa desturi ya kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani ana kwa ana. Aliwauliza waliokuja kuchukua chakula, "Nekoye yuko wapi?"

"Yuko nyuma, mama, anakuja."

Obiero alisimama akatoa hotuba kuhusu undugu wa makabila. Paja la kuku la Nekoye lilifunikwa kwa sahani likangoja, kisha shangazi Dorca akaona linapoa.

Nakhungu alichoka kungoja. Alitokea mlango wa nyuma wa jikoni, akashika fimbo, akaenda barabarani ilipokuwa vani. Ndani hangeweza kupanda. Mlango wa karibu ulikuwa mmoja, kule mbele, na Absalom alikuwa akirudi kwenye usukani wake. Basi akaweka kiganja kwenye kioo cha dirisha, akaanza kutembea kuelekea nyuma, akipapasa dirisha moja baada ya jingine.

"Nekoye ni wewe?"

"Hapana, mama, mimi ni wa kwaya. Hamjambo?"

"Hatujambo. Nekoye ni wewe?"

"Nyuma kidogo, mama."

Alitembea hivyo mchana kutwa, mama wa watu, na kila dirisha lilimsalimia kwa heshima. Habari zilimfikia Nekoye kule Kiboswa: mama yako anakuja kwa miguu. Alifikiri haraka, kisha akamwambia aliyekuwa mbele yake, "Mwambieni Baba Ouma aendeshe tu mbele. Asigeuke. Apite njia ya Kitale, avute gari, mimi nitafika mahali mama amesimama. Mwambieni hiyo tu."

Maneno yalikwenda kiti kwa kiti. Lilikuwa jambo jepesi. Vani ilihitaji kusonga mbele tu kama ilivyosonga tangu asubuhi. Nekoye aliikaza kamba, akangoja, akajitengeneza kitambaa cha kichwa.

Jibu lilirudi jua likiwa limeinama. "Anasema watu washakula, na mtu halali kwa wakwe. Anasema tutakuja siku ingine, ya pole pole. Anasema mama amekusalimia."

Absalom aliingiza gia ya nyuma.

Vani ilikuwa ndefu mno kugeuka, kwa hiyo ilirudi kinyumenyume. Kule Nakhungu alipokuwa amefika, kioo kilianza kuteleza chini ya kiganja chake. Hapo akaelewa. Alifungua leso yake begani, akaisukuma ndani ya dirisha lililokuwa wazi, akasema, "Mpeni Nekoye. Mwambieni mayi, mama yake, alikuja." Kisha madirisha yakampita, yale ya kwaya, yale ya wazee, hadi ukafika usukani na mkwe wake. Nakhungu akageuka, akampa mgongo, kama inavyotakiwa, na Absalom naye akatazama upande wa pili kwa adabu. Alikuwa mkwe mzuri. Hakuna aliyewahi kusema vingine.

Nekoye alirudi nyuma akiyaona maparachichi yakimwacha, kisha Mamboleo, kisha Kondele. Leso ilimfikia pale stendi. Ilikuwa imepita mikononi mwa ukoo wote, mtu mmoja alikuwa amefutia vidole vya mchuzi, na bado ilikuwa na joto la mama yake. Aliiweka usoni, akalia kwa sauti. Waliokuwa kiti cha mbele yake walimpa nafasi ya kulia, hiyo ilikuwapo.

Alipomaliza aliikunjua leso kwenye nusu tupu ya kiti chake, akainyoosha vizuri. "Nafasi iko," alisema. "Mayi, nafasi iko."

Alingoja. Vani haikufanya lolote. Ilikuwa imeandikwa jina la Absalom, na ilijua sauti yake.

Usiku ule Absalom alikula kwa hamu na kusema safari ilikuwa nzuri, watu wamefurahi, na Wakoli angoje aone kama kuna kigari kinaweza kupeleka ukoo mzima Misikhu na kurudi bila pancha. Aliahidi kutengeneza kile kitasa. Nekoye alimwongezea mboga.

Nakhungu alipofuka kabisa mwezi wa pili. Alimtumia bintiye salamu kwamba asihangaike tena na safari, mkono wake ungali unajua vioo vyote na atakapokuja atamjua kwa kupapasa.

Jumapili iliyofuata walikuwa wakienda kanisani. Wakoli alipita na kigari chake, familia yake ikiwa imeenea ndani sawasawa, mtoto mmoja amebaki kuchunga nyumba. Alisimama karibu na mwisho wa vani, akashusha kioo.

"Shemeji, wewe ndiyo unaijua. Tuambie ukweli. Hii ni gari nzuri ya familia?"

Nekoye alifikiri, kwa kuwa lilikuwa swali la haki. "Ni nzuri," alisema. "Familia yao wote wanaenea."

Kule mbele, mbali, mtu aliuliza jambo, na sauti ya Absalom ikasikika ikijibu kwa upole. Kiti kikatokea. Nekoye akainuka, akasogea nyuma, akaizungusha leso ya mama yake kwenye kiganja pale kamba ilipokuwa ikimkata, akashika.